Kabla hujaagiza vigae vya kaburi, tafuta daftari la mama

Pole sana dada yangu. Nimesoma swali lako mara mbili, kwamba mama anatimiza mwaka tangu atuache mwezi ujao, kaka zako wanataka makumbusho ya kuchinja ng'ombe na kaburi lijengewe vigae, wewe mchango uliopangiwa huna, na roho yako inakwambia mama hakuwa mtu wa hayo mambo. Umeuliza sisi wengine tuliwakumbukaje mama zetu. Nitajibu kwa urefu ju hapo ulipo nilishakaa.

Mamangu alituacha Agosti 2015. Alikuwa anauza omena, wengine mnaita dagaa, soko la Kibuye hapa Kisumu, kwa gorogoro na kwa kikombe, na ile miezi omena inafungwa ziwani, Aprili mpaka Julai, alikuwa anahamia mboga za kienyeji, saga, mrenda, osuga, anazichuma jioni kwa shamba lake nyumbani Bunyore, kaunti ya Vihiga, halafu alfajiri yuko stendi ya Luanda na magunia mawili anatafuta matatu. Hivyo ndivyo watoto watano walisoma.

2016 tukamfanyia makumbusho. Maturubai matatu, ng'ombe, viti vya kukodi, fulana zenye picha yake, mimi nikachukua mkopo wa sacco ambao nililipa mwaka mmoja na nusu. Siwezi sema ilikuwa vibaya, wazee walikula wakatuombea, na kaburi liko safi mpaka leo. Lakini kesho yake watu wakishaenda nilisimama pale uani, nyasi imekanyagwa yote, masufuria ya watu hayajarudishwa, nikatafuta mama ndani yangu nikamkosa kabisa. Hiyo iliniuma kuliko hata siku ya mazishi.

Sasa mimi ndio kitinda mimba, na kwetu nyumba ya mama hubaki na kitinda mimba, kwa hivyo kupanga vitu vyake ilikuwa kazi yangu na nilikuwa nimeikwepa mwaka mzima. Wiki hiyo nikaingia jikoni kwake. Juu ya figa, pale moshi unapitia, kulikuwa na mkebe wa maziwa ya unga na kitambaa kimefungwa fundo, na chini ya godoro daftari la miraba, lile la watoto la hesabu. Daftari la madeni. Siku ya tatu baada ya mazishi wazee walikuwa wameuliza kama kawaida, nani anamdai marehemu, nani anadaiwa, na hakuna mtu aliinua mkono tukaandika hakuna deni. Kumbe lilikuwa kurasa arobaini.

Hakuandika majina ya watu. Aliandika "mama mapacha 150", "fundi redio kikombe 2", "askari mrefu", "yule analia 80". Wengine walikuwa na alama ya msalaba, nikadhani wamelipa. Ukweli usemwe, nilienda Kibuye nikiwa na ule mkopo kichwani, nilitaka pesa. Nikaanza na mama mapacha ju huyo kila mtu anamjua, anauza mandazi. Nilipomwonyesha daftari alikaa chini. Akaniambia ule msalaba si malipo, msalaba ni watu ambao mama alikuwa ameamua hatawaitisha tena. Yeye mwenyewe mtoto mmoja alilazwa, akakaa miezi miwili bila kuuza, na mama alikuwa anampitishia omena kila Ijumaa bila kusema kitu. Sikuwa najua. Miaka yote hiyo nalala nyumba moja na yeye na sikuwa najua.

Ukurasa wa mwisho sasa ndio uliandikwa "MIMI". Alizokuwa anadaiwa. Mstari mmoja tu ulikuwa haujakatwa, Dunga, 1,200. Nikashuka Dunga, ule ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, nikauliza uliza kwa wamama wanaoanika omena mpaka nikampata. Mama Mjaluo mzee, mikono imejaa magamba. Nikamwambia mimi ni mtoto wa fulani wa Kibuye, nimeleta pesa yake. Aliniangalia sana halafu akauliza, "Nyathina," yaani mtoto wangu, "wewe ndio ule wa shule?" Kumbe zile omena mama alichukua kwa deni ndio ilikuwa nauli na sanduku langu la kidato cha kwanza. Deni lilikuwa la miaka mingi, akilipa anachukua tena. Alikataa pesa, nikakataa kukataliwa, mwisho akachukua elfu moja, mia mbili akanirudishia akasema ya sukari. Nililia kwa matatu kutoka Dunga mpaka mjini. Hapo ndio nilimsikia mama.

Kile kitambaa kilikuwa na mbegu za saga. Nilikuwa nimepiga hesabu ya kuzipanda kwa heshima yake, nikaongeza na zile nilizovuna mpya kwa mimea iliyobaki nyuma ya jikoni, nikazimwaga kila moja kwa mstari wake. Mstari wa za mama uliota mzuri, wangu mpya ukatoa miche ya kuhesabu na vidole. Senje, yaani shangazi, akanicheka sana, akasema mbegu ya saga ukitoa tu kwa ganda haioti vizuri, lazima ilale miezi kadhaa kwanza, na uvune ganda likiwa njano kabla halijapasuka likamwaga zote chini. Mama alijua yote hayo na hakuna mmoja wetu aliwahi muuliza.

Tangu hapo kila Agosti hatukodi kitu. Tunakuja watano na watoto, tunapika saga iliyolazwa na maziwa usiku ndio uchungu uishe, mrenda na musherekha, ile chumvi ya majivu, ugali wa mtama, na kila mtu analeta jambo moja la mama ambalo wengine hawajui. Usidhani yataisha, mwaka jana dada mkubwa alileta jipya na tukanyamaza wote.

Kitu kimoja naomba usirudie kosa langu. Mama alikuwa ananitumia sauti kwa WhatsApp ju herufi ndogo hakuwa anaona, na nilipobadilisha simu zikapotea zote isipokuwa moja, sekunde kumi na nne, ananiuliza kama nimekula. Leo hii, si kesho, toa za mama yako uziweke kwa kompyuta na kwa simu ya mtu mwingine. Na laini yake ikikaa miezi bila kutumika itazimwa na namba itapewa mtu mwingine, siku moja utapiga na mtu mgeni atashika.

Kaka zako usipigane nao. Waambie utatoa unachoweza, kisha uwaulize mama alikuwa anamdai nani na alikuwa anadaiwa na nani, uone kama kuna anayejua.

Na kama uko upande huu wa Kisumu niandikie inboksi. Yule mama wa Dunga nilimpelekea mbegu mwezi wa tatu, nimebakisha nusu mkebe, nitakuwekea kijiko.