Fundi Anajibu: Kishale kimepotea, usikimbilie kupiga Windows

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina stesheneri hapa Singida na natumia leptopu ya mtumba. Tangu juzi kishale cha mausi hakionekani. Ajabu ni kwamba nikisogeza mausi, vitufe vya kwenye kioo vinabadilika rangi, na nikibonyeza vinaitika. Nimebadilisha mausi, bado. Fundi wa mtaani anasema Windows imekufa, nilipie apige mpya, yaani aifute na kuiweka upya. Humo ndani kuna kazi za wateja na wengine hawajalipa. Nifanyeje?
Mama wa stesheneri, Singida

JIBU: Mama, mwambie fundi asubiri. Maelezo yako yenyewe yanaonyesha Windows ni nzima. Vitufe vikibadilika rangi mausi inapopita, maana yake kompyuta inajua vizuri kabisa kishale kiko wapi. Kilichokosekana ni picha yake tu.

Kishale hakichorwi pamoja na ukurasa unaousoma. Kadi ya picha, ile sehemu ya kompyuta inayochora vinavyoonekana kwenye kioo, hukiweka pembeni, kisha hukibandika juu ya vyote mwishoni kabisa, ili ukikisogeza isilazimike kuchora ukurasa mzima upya. Ndiyo maana ukibonyeza PrtSc na kubandika picha hiyo kwenye Paint, utakuta kila kitu kimo isipokuwa kishale. Draiva ya kadi ya picha, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi hiyo, ikijikwaa, mara nyingi leptopu inapoamka usingizini au Windows inapojisasisha, kishale kinaweza kutoweka peke yake na mengine yote yakabaki sawa.

Shikilia kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl na Shift, kisha gonga B. Kioo kitazima kidogo na kuwaka, pengine na mlio mfupi. Hapo umeiwasha upya draiva ya picha, na kazi zako zote ziko wazi kama ulivyoziacha. Kishale kikirudi, umeshajua pa kushughulikia.

Kisiporudi, bonyeza Windows na R, andika main.cpl, gonga Enter. Kwa kuwa huna kishale, tembea kwa kibodi: Ctrl na Tab hukuhamisha kutoka kichupo hadi kichupo, Tab peke yake hukupeleka kwenye chaguo linalofuata, na kile kitufe kirefu cha nafasi huweka au kuondoa alama ya vema. Fika kwenye "Pointer Options", weka vema penye "Display pointer trails", gonga Enter. Kishale sasa kitaacha mkia nyuma yake. Huo mkia huilazimisha Windows kukichora yenyewe bila kuitegemea kadi ya picha, na mara nyingi kinaonekana papo hapo. Utaweza kuhudumia wateja hadi jioni.

Jioni sasa, shughulikia draiva. Bonyeza Windows na X, kisha M, ufungue "Display adapters". Ukikuta pameandikwa "Microsoft Basic Display Adapter", draiva halisi ya kadi yako haifanyi kazi au haimo kabisa, jambo ninalolikuta sana kwenye leptopu za mtumba zilizopigwa Windows haraka haraka kabla ya kuuzwa. Ipakue kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza leptopu, ukitumia jina la modeli lililo chini ya mashine. Zile tovuti zinazojigamba kuwa na draiva za kila kompyuta zipite mbali. Na kama shida ilianza baada ya kusasisha, bonyeza jina la kadi mara mbili, nenda kichupo cha "Driver" na uchague "Roll Back Driver" ikiwa kinakubali kubonyezwa.

Naandika kwa urefu kwa sababu jambo hili linaniuma. Niliwahi kuletewa mashine ya binti wa chuo ambayo fundi mmoja aliipiga Windows kwa shida kama hii yako. Alimhakikishia kwamba vilivyo kwenye D, sehemu ya diski isiyo na Windows, havitaguswa, na kweli havikuguswa. Lakini utafiti wake wote ulikuwa Desktop, na Desktop huwa ndani ya C, sehemu yenye Windows ambayo ndiyo iliyofutwa. Alikuwa amebakiza sura moja. Mteja akisema kishale hakionekani, fundi ana wajibu wa kuuliza kwanza kama mausi inaitika. Swali hilo halina gharama.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mstaafu, macho yamechoka. Kishale nakiona kwa shida, hasa nikisoma gazeti kwenye kompyuta. Kinapotelea kwenye weupe wa karatasi.
Mzee, Moshi

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kishale cha kawaida ni cheupe chenye ukingo mwembamba mweusi, kwa hiyo kwenye ukurasa mweupe hata vijana hukitafuta. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na U, utafute sehemu ya kishale cha mausi. Hapo kuna kitelezeshi cha kukikuza na uchaguzi wa rangi. Nakushauri uchague rangi, si weusi, maana cheusi nacho hupotelea kwenye kurasa nyeusi. Kisha fungua main.cpl kama nilivyomweleza mama wa Singida, na kwenye kichupo kilekile weka vema mstari unaotaja CTRL. Kuanzia hapo, ukikipoteza, gonga Ctrl mara moja na duara litakizunguka. Na hapohapo ondoa vema penye "Hide pointer while typing", kama ipo, kwa sababu hiyo hukificha kila unapoandika.

SWALI: Tangu semina ya juzi, kishale changu kikienda kulia kinatokomea nje ya kioo. Projekta nimeshairudisha.
Mwalimu, Songea

JIBU: Mwalimu, leptopu bado inaamini kuna kioo cha pili upande wa kulia. Bonyeza Windows na P, uchague "PC screen only".

SWALI: Fundi, tarakilishi yangu ikiwa kwenye stima, kishale kinacheza chenyewe na kufungua vitu nisivyovibonyeza. Nikichomoa chaja kinatulia. Pia nikigusa bodi ya chuma nahisi kama nanyonywa vidole.
Mwanafunzi, Likoni

JIBU: Ndugu yangu, kagua plagi kabla ya kugusa mipangilio yoyote. Tachipadi, ile sehemu ya kutelezesha kidole chini ya kibodi, hutambua kidole chako kwa chaji ndogo sana ya umeme, na kelele ya umeme (mtikisiko wa umeme, si sauti) ikipenya kutoka kwenye chaja, inazichukulia kelele hizo kama vidole. Chaja yenye pini mbili, au ya pini tatu iliyochomekwa kwenye adapta isiyo na ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini), haina pa kuumwaga umeme unaovuja, ndiyo huo unaokunyonya vidole. Jaribu soketi yenye ethi ya kweli, na umwombe fundi wa umeme aipime, kwani nyumba nyingi zina tundu la tatu ambalo nyuma yake hakuna waya. Ikikataa, azima chaja halisi ya modeli hiyohiyo: volti zilingane, na ampea zisipungue zilizoandikwa kwenye chaja yako. Ukipigwa shoti kweli, chomoa na usiitumie tena chaja hiyo.

Kishale kikianza kucheza hata bila chaja, iweke leptopu mezani uitazame kwa ubavu. Tachipadi ikiwa imeinuka, au imekuwa ngumu kubonyezeka, huenda betri imevimba na inaisukuma kutoka chini. Hapo izime, usiichaji, usijaribu kuikandamiza wala kuitoboa betri, na uipeleke kwa fundi aitoe siku hiyohiyo. Mafaili yako yako kwenye diski, hayatatoka na betri.