Mafuta mazito huvunjikaje ndani ya bomba la maabara?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa injini za mashua hapa Mkomani, Lamu. Mpwa wangu anayesomea kemia chuo kikuu ananiambia kwamba maabarani kwao huingiza mafuta mazito katika bomba la chuma lenye unene wa kidole gumba, yakatoka upande wa pili mepesi kama dizeli. Mimi niliwahi kusahau sufuria ya oili chafu jikoni, nikaambulia moshi na masizi yasiyokwanguka hata kwa tindo. Mbona joto lake linatoa dizeli na langu likatoa mkaa?

JIBU: Ndugu Fundi, molekuli ya mafuta mazito ni mnyororo mrefu wa kaboni, mara nyingi wenye pete zilizoshikamana, na joto likizidi mnyororo huo hukatika ovyo. Kila ncha iliyokatika hubaki na mkono mtupu unaotafuta cha kushika, na isipopata kingine hushikana na wenzake, pete zikarundikana juu ya pete, huku hidrojeni ikitoroka pamoja na gesi. Masizi yaliyokushinda kukwangua ndiyo hayo.

Bomba la mpwa wako lina vitu viwili ambavyo sufuria yako haikuwa navyo. Cha kwanza ni hidrojeni yenye shinikizo la baa 100 hivi, ilhali gurudumu la gari dogo huwa na baa 2 na ushei. (Kwa sababu hiyo, tafadhali, jambo hili lisijaribiwe karakanani.) Cha pili ni kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha badiliko la kikemia bila chenyewe kuliwa, gramu chache tu za punje zilizochanganywa na chenga za silikoni kabaidi, kitu kigumu kama mchanga, ili joto lienee sawasawa, maana hidrojeni inaposhikana na vipande huzidi kutoa joto, na pakiungua mahali pamoja vipimo vyote huharibika. Tanuri la umeme hulishika bomba kati ya nyuzi 350 na 430 za Selsiasi.

Kichocheo hicho kina kazi mbili. Chukua heksadekani, yenye kaboni 16, ambayo watafiti huipenda kwa kuwa ni kitu kimoja kinachojulikana. Kwanza metali, kama vile platinamu, au nikeli na molibdeni zilizotiwa salfa, huing'oa hidrojeni mbili. Kisha molekuli huhamia kwenye zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo mno na yenye asidi, ambako hupewa protoni (kiini cha hidrojeni) na kuwa ioni, yaani molekuli yenye chaji chanya. Hapo haikatiki mara moja: mifupa yake hujipanga upya, ikaota matawi, na ndipo hukatika, si kwenye kiungo kinachogusa kaboni yenye chaji, bali kiungo kinachofuata. Kipande kinachotoka kikiwa na upungufu wa hidrojeni hurudi kwenye metali kujaziwa hidrojeni kabla hakijapata nafasi ya kugandana na wenzake. Metali ikiwa dhaifu kuliko asidi, kipande hukatwa tena na tena, na masizi huanza kuziba vitundu vya zeolaiti.

Dizeli tunayoijaza mashuani huja imekwisha safishwa ng'ambo, tangu kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kilipoacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, kwa hiyo kazi hii hatuioni kwa macho. Mwombe mpwa wako akuonyeshe mchoro wa kromatografia ya gesi, kipimo kinachotenganisha molekuli za mafuta na kuchora kilele kwa kila aina. Kilele cha kaboni 16 kitakuwa kimepungua, na vilele vya kaboni 3 hadi 13 vimeinuka, virefu zaidi katikati. Vya 14 na 15 ni nadra, kwani wenzao wangekuwa na kaboni 2 au 1, na asidi haikati ncha hizo kwa urahisi. Ukiona methani (gesi yenye kaboni 1) nyingi, basi ama joto limepita kiasi ama metali imekuwa ikikata yenyewe, na hapo muulize mpwa wako bomba lake lina tofauti gani na sufuria yako.