Kabla hujaweka alama kwenye ramani, piga hodi

Toleo la kwanza la programu yetu ya simu, ya kuwaonyesha watu wa vijijini mahali intaneti inapopatikana, lilikuwa na uzito wa MB 38. Nalitaja mapema ili ujue ushauri huu unatoka kwa mtu aliyekosea. Tulitaka kumsaidia asiye na intaneti aipate, lakini ili aipakue programu ilibidi kwanza awe na intaneti, tena ya kutosha. Tukiwa Mtwara mjini hatukuliona hilo, maana waifai ya ofisini ilikuwa inakimbia na sisi tulikuwa tunapongezana. Tulipofika nayo Tandahimba nikamwomba kijana wa bodaboda aijaribu. Akawa anaangalia asilimia zinavyojikokota, kisha akaniuliza, "Sasa braza, hii ikimaliza bando langu, itanionyesha lingine liko wapi?"

Kama una wazo kama letu, iwe kwa Newala, Liwale au popote mtandao unaposhika kwa kubahatisha, haya ndiyo ningependa kuambiwa kabla sijaandika mstari wa kwanza wa msimbo.

Swali letu la kuanzia lilikuwa bovu. Tulipita vijijini tukiuliza, "Hapa kwenu intaneti inapatikana wapi?" Watu walitujibu kwa adabu, tukajaza madaftari. Kisha pale Newala mama mmoja muuza vitumbua akanisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Mwanangu, mimi mtandao siujui na sina haja nao. Mimi nataka karatasi." Mtoto wake alikuwa amechaguliwa kidato cha tano, fomu ya kujiunga na shule iko mtandaoni, na muda unakwisha. Alichohitaji ni mtu wa kuitafuta fomu ile, kuipakua na kuichapa, tena kwa bei ambayo hatafanyiwa ya mgeni.

Huyo mtu tunamjua wote. Yuko steshenari. Huku kwetu steshenari ndiyo mlango wa intaneti kwa watu wengi: maombi ya chuo, mkopo wa elimu ya juu, maombi ya kazi serikalini, matokeo ya mtihani, namba ya mlipakodi. Sisi tulikuwa tumeweka alama kwenye hoteli zenye waifai, ambako muuza vitumbua haingii. Tukabomoa ukurasa wa mbele na kuanza upya. Sasa programu haikuulizi uko wapi, inakuuliza unataka kufanya nini. Ukichagua "kuchapa fomu", unapewa steshenari za karibu, bei ya ukurasa, na kama zina jenereta au sola. Hilo la umeme usilidharau, kwa sababu steshenari iliyokatikiwa umeme ni chumba chenye viti tu.

Nimeona pia daftari la steshenari moja lenye barua pepe za wanafunzi na nywila zao, karibu zote nywila ileile. Mwenye duka hakuwa na nia mbaya, watoto wakisahau wanarudi kwake. Ila mkopo wa chuo unapita humo. Kwa hiyo kila anayechagua maombi ya chuo tunamwandikia sentensi moja: nywila iandike wewe, na uondoke nayo wewe.

Kuhusu mtandao wenyewe, acha kuhesabu vijiti. Simu inaweza kuonyesha vinne na ujumbe wa WhatsApp ukabaki na kisaa chake mpaka jioni, kwa sababu mnara ule unabeba sauti vizuri lakini data inapita kwa tabu, au watu wote wamerudi kutoka shamba na wanaufungua kwa wakati mmoja. Sisi tunapima kwa kinachopita: simu inapigika, SMS inakwenda, ujumbe wa sauti unakwenda, picha inakwenda. Mtu yeyote anaelewa "hapa picha haipiti kuanzia saa moja usiku". Msimu wa korosho tunaongeza vipimo siku za mnada, maana bei ikishatangazwa kila mwanachama wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, yuko kwenye simu.

Halafu kuna mambo ya ardhi ambayo ramani ya ofisini haikuambii. Newala iko juu kwenye uwanda wa Makonde. Ukisimama pale Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma limelala chini, na ng'ambo ni Msumbiji. Juu hapo mtandao unashika bila shida. Shuka chini ya ukingo, kijiji kiko karibu kabisa na mnara kwa kupima na rula, lakini kilima kimesimama katikati na hupati kitu. Endelea kwenda mbele, ukitoka kwenye kivuli cha kilima, vijiti vinarudi. Ukikaribia mto zaidi, simu inakukaribisha Msumbiji na salio linaanza kuliwa kwa bei ya ng'ambo. Mimi lililiwa lote nikiwa nimekaa kwenye kigoda upande wa Tanzania. Ndiyo maana vituo vyetu vyote vya mpakani, yaani mahali tulipoweka alama, tumeviwekea onyo: zima data ya ng'ambo, chagua mtandao kwa mkono.

Wenye simu janja ni sehemu tu ya watu unaowatafuta. Mwenye kitochi naye ana mtoto wa kidato cha tano. Wafadhili wetu walitaka ramani yenye rangi, na ramani tuliwapa, lakini inayotumika zaidi ni SMS: unatuma jina la kata, unajibiwa. Menyu ya nyota na reli ni nzuri pia, ila inakubidi kukubaliana na kila kampuni ya simu na kulipia, na mtu akisitasita kidogo inajifunga. Anza na SMS. Utajifunza ubahili wa maneno, kwa sababu una herufi 160 tu. Utajifunza pia kwamba watu hawaandiki kama ramani inavyoandika. Wiki ya kwanza mfumo ulikuwa unajibu "kata haipo" kwa kila aliyeandika Kitangali badala ya Kitangari. Wazee wetu wanazibadilisha R na L wapendavyo, na mfumo ndio unaopaswa kuwafuata, si wao kuufuata mfumo. Tukaufundisha kuzikubali zote mbili na malalamiko yakaisha siku hiyohiyo.

Kila kituo kiwe na tarehe ya kupimwa. Mwaka 2023 serikali ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini nchi nzima, kwa hiyo mahali palipokuwa jangwa la mtandao panaweza kupata mnara huku programu yako bado inawapandisha watu kilimani. Kwetu kituo kisichothibitishwa kwa siku 90 kinageuka kijivu. Wanaothibitisha ni bodaboda, na tunawalipa kwa bando. Kazi ya bure hufanywa mara moja.

Mei 2024 ilitupa somo jingine. Nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika tarehe 12, intaneti ikayumba nchi nzima. Vituo vyetu vyote vilikuwa vya kijani na hakuna kilichopita. Watu walitembea mpaka vilimani wakarudi wanatutukana. SMS za humu ndani zilikuwa zinakwenda, na sisi hatukuwa na njia ya kumtumia kila mtu mstari mmoja: msihangaike, tatizo ni la nchi nzima. Njia hiyo itengeneze mwanzoni.

Nimebakiza la mkorosho, na ndilo linaloniuma.

Katika kijiji kimoja cha Tandahimba mtandao ulikuwa unashika vizuri mahali pamoja tu, chini ya mkorosho mkubwa wa bibi mmoja. Majirani walikuwa wanakwenda pale miaka yote. Tukapima, tukaweka alama, tukafurahi. Ilikuwa Oktoba. Ndani ya wiki mbili vijana kutoka vijiji vitatu walikuwa wanajazana uani kwake mpaka usiku wa manane, wanaangalia mpira, wanakula mabibo, wanakanyaga korosho alizokuwa bado hajaokota. Nyingine hazikuonekana tena. Kwa mtu ambaye ada, bati na matibabu yake yote yanatoka kwenye mti, hilo si jambo dogo.

Nilikwenda mwenyewe. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ndiye uliyeniletea hawa?" Nikakubali. Hakunifokea, ingekuwa nafuu. Alinipa kigoda, akaniuliza kama nyumbani kwetu watu huwa wanamwelekeza mgeni kwenye nyumba ya mtu bila kumwambia mwenye nyumba. Nilikuwa nimetumia miezi nikichagua rangi za vitufe, na hodi sikupiga.

Tukafuta alama mbele yake. Sasa hakuna kituo cha nyumbani kwa mtu kinachoingia bila mwenyewe kukubali kwa mdomo wake, kutaja saa zake, na kujua kwamba akitaka kitoke atatuma neno moja tu. Wengine wameomba kuchaji simu kwa malipo kuandikwe hapohapo, tukaandika. Wengine wamekataa, na vijiji vyao vina alama chache.

Programu yenyewe siku hizi haifiki hata MB moja, na watu wanarushiana kwa Xender bila kugusa bando. Bibi alikaa msimu mzima bila kututafuta. Korosho zilipokwisha alimtuma mjukuu wake atuambie turudishe mti, kwa masharti, na masharti aliyataja yeye, sisi tukayapunguza tu yatoshe kwenye SMS:

MKOROSHO WA BIBI. Picha inapita. Asubuhi mpaka saa 12 jioni. Piga hodi. Mpira hapana. Msimu wa korosho pamefungwa.