Jiwe la Isimani na sakafu ya bahari

Mkuu, unauliza jiwe zito la kijani lenye madoa mekundu uliloliokota Isimani, Iringa, linawezaje kuwa sakafu ya bahari. Linaweza, ila usiifikirie Bahari ya Hindi. Hiyo ni changa mno. Eneo hilo lina eklojaiti (miamba mizito ya kijani yenye madoa mekundu, iliyogeuzwa na mgandamizo mkubwa) za miaka bilioni 2 hivi, na kemia yake inafanana na basalti, yaani lava iliyoganda, ya chini ya bahari.

Kawaida bamba la bahari, yaani kipande kikubwa cha tabaka la juu la dunia kilicho chini ya bahari, huzama chini ya bara, maana ni zito zaidi. Oman ilikuwa kinyume, miaka milioni 95 hivi iliyopita: ukingo wa bara ndio uliovutwa chini, ukakwama kwa wepesi wake, na gamba la bahari likabaki juu ya nchi kavu. Hiyo ndiyo ofiolaiti.

La Isimani (si Isimila, huko ni zana za mawe!) lilizama makumi ya kilomita, likageuzwa na mgandamizo, kisha likapandishwa mabara yalipogongana. Kwa hiyo usihangaike kutafuta lava zenye umbo la mito ya kulalia kama za Oman. Pasua kipande uangalie ndani. Madoa mekundu huenda ni ganeti, madini ya rangi hiyo, lakini hiyo pekee haitoshi kuthibitisha ni eklojaiti, hata amfibolaiti, mwamba mwingine wa aina hiyo, huwa nayo. Mpelekee mwanajiolojia akikate kipande chembamba cha kuona kwa hadubini.