Wasomaji Wanauliza: Chanjo, Ridhaa na Muswada

SWALI: Shikamooni. Binti yangu wa miaka 12 ameleta karatasi ya kusaini ili achanjwe HPV shuleni. Ina jina, tarehe na mahali pa sahihi tu. Nikisaini nitakuwa nimekubali nini? – Mzazi, Uyole, Mbeya

JIBU: Marahaba mama. Kwa karatasi hiyo, hakuna ulichoelezwa hata ukubali. Ridhaa ni maelezo yanayotangulia sahihi: chanjo ipi, inakinga nini, maudhi yapi yatarajiwe, na ukikataa kinafuata nini. Yadai kwa mwalimu wa afya au zahanati.

HPV ndivyo virusi vinavyosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Tanzania ilianza kutoa chanjo hii nchi nzima mwaka 2018, dozi mbili kwa wasichana wa miaka 14. Tangu 2024 ni dozi moja, miaka 9 hadi 14. Mwenye upungufu wa kinga, kama anayeishi na VVU, huhitaji zaidi ya moja, kwa hiyo mweleze muuguzi mapema, faragha. Mweleze pia kama binti ana homa kali, ni mjamzito, au aliwahi kupata mzio mkali wa chanjo au hamira.

Mkono kuuma na homa ndogo ni kawaida. Kinachozua maneno mtaani ni kuzimia, na mara nyingi chanzo ni woga wa sindano: mmoja akianguka mbele ya foleni, wengine nao wanalegea. Anywe chai kabla ya kutoka nyumbani, achanjwe ameketi, kisha asiinuke kwa dakika 15. Kadi aitunze.

SWALI: Shemeji yuko Marekani, anasema kule kuna miswada ya kuzuia serikali kulazimisha chanjo. Muswada kama huo ukija kwetu, nauchambuaje? – Msomaji, Mafinga

JIBU: Ya kule yana historia yake. Mwaka 1905, katika kesi ya Jacobson dhidi ya Massachusetts, Mahakama ya Juu ilikubali chanjo ya ndui iwe ya lazima. Lakini adhabu ilikuwa faini ya dola 5; Jacobson, aliyekataa chanjo, hakudungwa kwa nguvu. Mwaka 2015 jimbo la California lilifuta msamaha ulioruhusu watoto wa shule wasichanjwe kwa sababu ya imani binafsi ya wazazi. Kwetu, chanjo ya Uviko ya 2021 ilitolewa kwa hiari.

Muswada anza kuusoma mwishoni, penye “Madhumuni na Sababu”. Ukiwa wa marekebisho, weka pembeni Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009, la sivyo utasoma “kufuta maneno” bila kujua maneno yapi. Kisha tafuta adhabu, na kila panapoandikwa “Waziri anaweza kutunga kanuni”. Ulazima mwingi hujificha humo.

Maoni yapeleke kwenye kamati ya Bunge baada ya muswada kusomwa mara ya kwanza. Ukingoja mara ya pili, umechelewa. Taja namba ya kifungu, maneno ya kufutwa na ya kuwekwa badala yake. Barua ya “tunapinga” peke yake haiipi kamati kitu cha kuandika.