Na waliolipia je?

Ndugu, unasema Google haikumuumiza mtu kwa kufunga huduma zake kwa kuwa zilikuwa za bure. Kwa Reader, huduma yao ya kusomea habari mpya za tovuti mbalimbali mahali pamoja, nakubali, tena kwa shingo upande. Ilifungwa Julai 2013, watu wakapiga kelele, wakahamia Feedly, huduma nyingine ya aina hiyo, basi. Lakini Revolv umeisahau? Kilikuwa kifaa cha kuendeshea taa na vifaa vingine vya nyumbani, bei yake kama dola 300, na wanunuzi waliahidiwa huduma ya maisha. Mwaka 2014 Nest, kampuni ya vifaa vya nyumbani iliyokuwa tayari chini ya Google, ikainunua kampuni iliyokitengeneza. Mei 2016 seva, yaani kompyuta za kampuni ambazo kifaa kilizitegemea kupitia mtandao, zikazimwa. Kifaa kizima, hakijaanguka wala kuungua, kikawa kopo tupu sebuleni kwa mwenye nacho. Huyo tumwambie alikuwa anatumia cha bure?

Kwa Stadia, huduma ya Google ya kucheza michezo ya video kupitia mtandao, kusema haki, walijitahidi: ilipofungwa Januari 2023 walirudisha pesa za michezo na vifaa vilivyonunuliwa kwao, ingawa ada za usajili wa kila mwezi (Pro) zilizokwisha kulipwa hazikurudi. Kwa nini wa Revolv hawakutangaziwa mpango kama huo tangu siku ya kwanza?