Andaa tangi la karantini kabla hujamnunua samaki

Siku ya tatu baada ya kumtia kangaja mpya, samaki wa baharini, tangini, madoa meupe aliyokuwa nayo kwenye mapezi yalitoweka. Nilikuwa nimeyaona tangu jana yake, kama chembe za chumvi zilizomganda mwilini, na usiku ule nililala kwa wasiwasi. Asubuhi nilipowasha taa nikamkuta safi kabisa, anakula mwani kwa pupa. Nikashukuru, nikaamini mwili wake umeushinda ugonjwa. Haukupita muda, samaki wote tisa walikuwa wamejaa madoa, na mwisho wa yote nilibaki na wawili.

Kumbe yale madoa yalikuwa yameshuka tu. Kimelea kinachoitwa Cryptocaryon irritans hukaa kwenye ngozi na matamvua ya samaki kwa siku 3 hadi 7 kikijilisha, kisha hujidondosha, hujigandisha kwenye mwamba, mchanga au kioo, na kujifungia ndani ya ganda. Humo kinajigawa kuwa mamia. Watoto wake wakitoka wana siku moja au mbili tu za kumpata samaki, wasipompata wanakufa. Baharini wengi hawampati. Kwenye tangi samaki yuko palepale, analala karibu na mwamba uleule kila usiku, kwa hiyo kila mzunguko unakuja na wengi kuliko uliopita.

Kikiwa ndani ya ganda, dawa haikifikii. Tangi kubwa likishaingiwa, njia ya uhakika ni kuwatoa samaki wote na kuliacha bila samaki hata mmoja kwa siku 76, kwa sababu ganda lililochelewa zaidi kupasuka katika uchunguzi lilichukua siku 72. Nilizihesabu siku hizo zote nikiwa na konokono na kamba peke yao. Mfugaji mmoja wa miaka mingi alipokuja kuniona hakunilaumu, aliuliza tu, "Mwanangu, na tangi la pili liko wapi?" Sikuwa nalo.

Tangu siku hiyo hakuna samaki anayeingia kwangu bila kupita karantini, yaani tangi la pembeni la kumtazama na kumtibu kwanza, na nimeshawasaidia wenzangu kadhaa kuanzisha ya kwao. Ninachokiona tena na tena ni kwamba watu hujiandaa kwa dawa na kuyasahau maji. Samaki wengi niliowaona wakifia karantini waliuawa na amonia, sumu inayotokana na uchafu wao wenyewe, siyo vimelea. Tangi jipya halina bakteria wa kugeuza amonia kuwa nitriti na kisha nitrati, na hao hawaji kwa siku mbili. Ukimnunua samaki leo na kujaza maji leo, ndani ya siku chache anaogelea kwenye uchafu wake mwenyewe.

Dawa ya jambo hilo ni sponji. Chukua sponji ya chujio, ile inayoendeshwa na pampu ya hewa, uiweke kwenye chumba cha chujio cha tangi kubwa wiki 4 hadi 6 kabla ya kununua samaki. Bakteria watajijenga humo bila wewe kufanya lolote. Siku ya kuanzisha karantini unaihamisha, na tangi linakuwa na uhai saa ileile. Hata hivyo usiiamini macho yamefumbwa. Mimi hubandika kibandiko cha kupimia amonia ndani ya kioo cha mbele. Kikianza kuacha njano na kuelekea kijani, nabadilisha maji jioni hiyohiyo, siyo kesho. Ndoo ya maji ya chumvi yaliyokwisha kuchanganywa huwa ipo tayari pembeni.

Vifaa vingine ni rahisi. Tangi la lita 40 hadi 80 kwa samaki wadogo, kubwa zaidi kwa kangaja kwa sababu wanahitaji nafasi ya kuogelea. Hita, kipimajoto, na mfuniko, maana samaki mwenye hofu huruka. Usiweke mchanga wala mwamba, vitu hivyo hunyonya shaba, ambayo ni dawa ya vimelea, na kuvipa vimelea mahali pa kujificha. Kona za mabomba ya PVC zinatosha kuwa nyumba. Samaki ataingia humo, atageuka, atatoa kichwa nje, na baada ya siku moja utaona anapumua kwa utulivu. Wavu, mpira wa kunyonyea maji na ndoo viwe vya tangi hilo peke yake. Tangi lenyewe likae mbali na lile kubwa, chumba kingine kama inawezekana, kwa kuwa hata matone yanayorushwa na mapovu ya hewa yanaweza kubeba vimelea.

Kuna jambo moja la siku ya kwanza ambalo wengi hulifanya kwa nia njema na likawaumiza samaki. Samaki aliyesafiri saa nyingi ndani ya mfuko ametoa amonia humo, na hewa chafu anayoitoa imeyafanya maji yawe na asidi zaidi. Asidi hiyo ndiyo inayoifanya amonia isimdhuru sana. Ukifungua mfuko, hewa chafu inatoka, asidi inapungua, na amonia ileile inageuka kuwa sumu kali dakika chache baadaye. Kumdondoshea maji tone kwa tone kwa saa nzima ni kumwacha kwenye sumu. Afadhali umuulize muuzaji mapema kiwango chake cha chumvi, uyaandae maji ya karantini yalingane nacho, kisha mfuko uelee dakika 15 ili joto lilingane, ufungue, umtoe samaki na kumtia moja kwa moja. Maji ya mfuko yamwagwe. Kama muuzaji huweka chumvi chini, tuseme 1.020 kwenye kipimo cha uzito wa maji ya chumvi, utaipandisha wewe hadi 1.025 polepole kwa siku kadhaa.

Baada ya hapo, kazi kubwa ni kutazama. Ninakaa mbele ya kioo asubuhi kabla ya kuwasha taa, nahesabu vifuniko vya matamvua vinafunguka mara ngapi kwa dakika, naandika. Anayepumua haraka, anayekwepa mwanga na kung'ang'ania mkondo wa pampu ananitia hofu kuliko mwenye madoa, kwa sababu kimelea kingine, Amyloodinium ocellatum, huua ndani ya siku chache, mara nyingine kabla vumbi lake la rangi ya dhahabu halijaonekana kwenye ngozi. Huyo simsubirishi dawa. Aliyechoka tu na safari namwacha kwanza ale.

Shaba ndiyo ninayoitegemea kwa vimelea hivi viwili, siku 30 mfululizo. Soma vizuri aina uliyonayo: shaba ya kawaida hutibu ikiwa karibu miligramu 0.2 kwa lita, ile iliyounganishwa na kemikali nyingine huhitaji 2 hadi 2.5, na mwenye kuvichanganya viwango hivyo atamuua samaki au atamtibu kwa maji matupu. Ipandishe kwa siku nne au tano, upime kila siku, na ikishuka chini ya kiwango hata mara moja anza kuhesabu upya. Usiichanganye na dawa za kuondoa amonia, baadhi huifanya shaba iwe kali zaidi. Na kamba, konokono au matumbawe yasiguswe na maji hayo.

Minyoo bapa, ile inayong'ang'ania ngozi na matamvua ya samaki, haiogopi shaba. Kwa hiyo hutumia prazikwanteli, ileile inayotibu kichocho kwa binadamu, mara mbili kwa kuachana siku kadhaa ili kuikuta iliyoanguliwa baadaye. Ukiwa na shaka, mtie samaki kwenye maji yasiyo na chumvi, yenye joto sawa na la tangi na yaliyopitishiwa hewa, kwa dakika 5 huku ukimwangalia. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, minyoo ilianza kugeuka myeupe na kudondoka chini ya ndoo kama punje za ufuta, kutoka kwa samaki ambaye nilikuwa naapa kwamba ni mzima.

Sponji iliyopita kwenye shaba hairudi tangi kubwa. Ndiyo maana sasa huwa na mbili kwenye chujio wakati wote. Zilizopo zina wiki ya tano leo, na samaki bado sijamchagua.